Kadi ya Shahidi

Mama Komba alilivuta boksi kutoka uvunguni, akalipuliza vumbi, akaniambia, "Hili ni lenu, mwanangu. Marehemu alikataza lisitupwe." Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya mumewe, Mwalimu Komba, aliyetufundisha Uraia sekondari. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake uani wanachambua mchele, na mimi niliyekuja na khanga ya kufunga kiunoni, tayari kuosha masufuria, nikajikuta nimekaa kitako sakafuni na boksi la sabuni mapajani. Nilijua kilichomo kabla sijalifungua. Mimi ni mtu mzima. Nimezaa, nimezika, na madalali wa mboga wa mji huu wananijua kwa mdomo. Lakini mbele ya lile boksi nilijiona kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Fungua basi," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Zuhura, anafuta mikono kwenye gauni, amenenepa, amevaa miwani, na ule mwanya wake bado upo. Hatukuwa tumeonana tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na hata mara hiyo tuliishia kusalimiana stendi, kila mmoja akikimbilia basi lake. Akaja akakaa karibu nami mpaka magoti yakagusana. Nikafungua. Kulikuwa na kipande kikubwa cha boksi kilichochorwa mlima kwa wino mzito, vizibo vinne vya soda, kadi zilizokatwa kwenye majalada ya madaftari na kufungwa kwa mpira, na dadu yetu ya mhogo. Dadu ile tuliichonga kwa wembe kutoka kwenye mhogo mbichi, ikatoka nzuri ya kujivunia. Ndani ya wiki ikakauka, ikajikunja upande mmoja, ikawa inaangukia nne kila mara. Sasa ilikuwa imesinyaa, haizidi punje ya harage. Zuhura akairusha sakafuni. Nne. Tukacheka. Kisha nikamwona anaufungua ule mpira wa kadi, na kicheko changu kikaishia hapo.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu, na ninaoukumbuka hasa ni miezi yake ya mwisho, tangu mapumziko ya Septemba mpaka Desemba. Mimi na Zuhura tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kilakala mjini, kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Rukia, kwa sababu kwetu wote ni Mgeta, juu milimani, na hakuna miguu ya kushuka na kupanda mlima ule kila siku. Kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, ndoo mbili, na pazia la maua ambalo Zuhura alilifua kila Jumamosi ingawa halikuwa na uchafu wowote. Ukuta wa chumba haukufika juu. Kati yetu na sebule ya Mama Rukia palibaki uwazi wa mkono mmoja, kwa hiyo redio yake ilikuwa yetu na maneno ya wageni wake yalikuwa yetu. Kila Alhamisi lori la mboga likishuka kutoka Mgeta lilituletea kiroba kutoka kwa mjomba wangu Shomari: viazi, njegere, karoti, na kabichi moja juu ya kufunikia. Kiroba kilikuwa changu, lakini chungu kilikuwa kimoja. Zuhura alimwita "mjomba wetu" na hakuna aliyemsahihisha.

Kwa asiyetoka kwetu, niseme jambo moja. Mjomba Uluguru si ndugu wa kuja siku ya sikukuu. Ardhi inatufikia kupitia mama, na kaka wa mama ndiye msemaji wa watoto wa dada yake: usome au usisome, uolewe na nani, ulime wapi. Baba yako anaweza kukupenda mpaka akalia, lakini neno la mwisho liko kwa mjomba. Mimi nilisoma kwa sababu Mjomba Shomari alisema nisome. Nilikuwa namwogopa hata alipokuwa anafurahi.

Mapumziko ya Septemba mama alinituma nimpelekee mjomba uji shambani, lile shamba la juu linalopakana na msitu wa hifadhi. Watu walikuwa wanaandaa mashamba kungoja mvua za vuli. Desturi ni kwamba ukitaka kuchoma majani unafyeka kwanza kinga ya moto pande zote, unawaambia majirani, wanakuja na matawi mabichi, wanasimama kando ya moto mpaka ufe. Mjomba alikuwa peke yake na hakuwa amefyeka kinga. Labda alikuwa amechoka, labda alikuwa na haraka; nimewaza miaka yote na sijapata jibu. Aliponiona alisema, "Upepo umelala leo. Weka uji hapo." Akachukua jani kavu la mgomba, akaliwasha kwa kiberiti, akainama. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu anayewasha jiko. Upepo uliamka nikiwa narudi nyumbani, sijafika hata kwenye mto, nikasikia nyuma yangu mlio ambao sijausikia tena, wa mianzi inayopasuka mingi kwa pamoja.

Moto ule ulikula sehemu ya msitu, ukala mashamba mawili na kibanda cha kuhifadhia viazi, ukaunguza miti iliyokuwa imeinamia chemchemi yetu. Hakufa mtu. Jioni Mjomba alikuja kwetu, amenawa uso na kubadilisha shati, akakaa kwenye kigoda cha mama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ulikuwa jikoni kwa mama yako tangu asubuhi. Sawa?" Mama alikuwa anakoroga mboga ametupa mgongo. Nikasema, "Sawa, mjomba." Siku ya tatu mgambo walimkamata Mzee Kibwana, baba yake Zuhura. Alikuwa mrina asali. Alionekana msituni siku ile na kienge chake cha moshi wa kufukuzia nyuki, na kwetu moto wowote ukitoroka, wa kwanza kutazamwa ni warina asali, kwa kuwa wao ndio wanaotembea na moto mkononi. Alipelekwa mahabusu mjini. Mapumziko yalipokwisha, mimi na bintiye tulipanda lori moja kurudi shule. Alilia njia nzima, kichwa chake begani kwangu.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo Mwalimu Komba alipoingia darasani na rundo la maboksi kichwani kama mama wa sokoni. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia, na alikuwa na wazimu wake: aliamini Uraia haufundishiki ubaoni. "Muhula huu hamtaandika insha," alisema. "Mtatengeneza michezo. Kila kundi litafute jambo linalowasumbua watu wa kwao, walifanye mchezo wa mezani, wenzenu waucheze. Ukiharibika, mnautengeneza upya. Mwisho wa muhula tunaita wazazi." Tukapangwa wanne wanne. Kundi letu lilikuwa mimi, Zuhura, Jofrey ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani, na Neema aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Mwalimu akatuuliza letu litakuwa lipi. Jofrey alikuwa anafikiria takataka za sokoni. Zuhura akasema, "Moto," na hakuna aliyembishia, maana darasa zima lilishajua habari za baba yake. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Toleo la kwanza lilikuwa la kitoto. Unarusha dadu, unapanda mlima, ukiangukia penye moto unarudi bondeni. Mwalimu alicheza nasi raundi moja, akaweka kizibo chake chini. "Kwa hiyo huko Mgeta moto unawashwa na dadu?" Neema akacheka. Zuhura hakucheka. "Unawashwa na mtu, mwalimu." "Basi mtu huyo yuko wapi humu?" Tukarudi kazini. Toleo la pili likawa na wachezaji wanne wenye kazi zao, mkulima, mrina asali, mkata mbao na mchota maji, na kila mmoja anapewa kadi ya siri. Kadi moja imeandikwa Mchomaji. Moto ukitokea, baraza linaketi, watu wanapiga kura nani afungwe. Huo ulipendwa mno. Makundi mengine yaliacha kazi zao yakaja kuucheza wetu, kelele mpaka darasa la jirani wakalalamika. Ulichezwa mara sita, na mara zote sita aliyefungwa alikuwa mrina asali, ingawa kadi ya Mchomaji ilizunguka kwa kila mtu. "Kwa nini?" Mwalimu aliuliza. Jofrey, ambaye hakuwa na ubaya wowote ila mdomo wake ulimtangulia, akajibu, "Si ndiye mwenye moto, mwalimu?" Kisha akakumbuka aliyekaa naye, akafunika mdomo kwa kiganja.

Zuhura ndiye siku zote aliyekishika kizibo cha kijani cha mrina asali. Hakumpa mtu mwingine. Siku ile alikigeuzageuza, akasema polepole, "Haiwezekani moto mkubwa hivyo usionwe na mtu hata mmoja. Tuweke kadi ya Shahidi." Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri katika kundi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeiandika. Niliharibu majalada mawili ya daftari kabla ya kuipata, na Neema akaniuliza kama nina homa.

Kanuni ikawa hivi: wote mnafumba macho, Mchomaji anainua mkono bado kafumba, Shahidi anafumbua, anaona, anafumba. Barazani Shahidi akitaka anasema. Akisema, Mchomaji anafungwa, lakini Shahidi anapoteza nyumba yake ya mlimani na kuanza tena bondeni, kwa sababu, kama Zuhura alivyomweleza Mwalimu, "kwetu ukimtaja mtu huwezi kuendelea kukaa pale." Tulicheza toleo hilo wiki nzima, na hakuna Shahidi hata mmoja aliyesema. Jofrey aliipata mara tatu akanyamaza mara tatu, anashinda huku anacheka. Nilipoipata mimi nilinyamaza pia, nikajisikia afadhali kuona kwamba hata wasio na kosa wananyamaza. Mwalimu Komba hakukasirika. Alisema, "Mchezo ukichezwa hivi na kila mtu akafanya kilekile, msimlaumu mchezaji. Tazameni kanuni. Kanuni zenu zinamlipa anayenyamaza." Tukajaribu toleo la nne, la kumpa Shahidi zawadi ya nyumba ya pili. Matokeo yake kila mtu akadai yeye ni Shahidi, watu wakasingiziana mpaka Neema akalia kweli. Tukalifuta, tukarudi kwenye lile la tatu. Kila toleo Mwalimu alilipa namba nyuma ya boksi kwa kalamu nyekundu, hata yale mabovu, na alitukataza kuyachana.

Nyumbani mambo yalikuwa yanabana. Mama yake Zuhura alishuka mara mbili kumwona mumewe, akafikia kwetu. Mchana mmoja nilirudi mapema, nikawa nimejilaza, naye hakujua nimo. Nikamsikia sebuleni kwa Mama Rukia, sauti inapita juu ya ukuta. Alisema mumewe anakohoa, wanalala wengi, amekonda hata pete imemtoka. Alisema kesi imeahirishwa tena. "Na mimi, mwenzangu, namwuliza mume wangu, niambie kweli, ni wewe? Ananitazama tu. Unajua kuna kitu kinauma kuliko hicho? Na mimi nimeanza kutomwamini." Nilijifunika shuka kichwani mchana wa jua kali. Baadaye alitupikia viazi vya nazi, tukala wote watatu kwenye sinia moja, akasema, "Mungu amzidishie mjomba wako, Hadija. Mtu mwenye shida zake na bado anakumbuka watoto wa watu." Kuanzia siku hiyo nikawa siwezi kula chochote kilichotoka kwenye kile kiroba, nikasema nina vidonda vya tumbo, na Zuhura akawa ananikorogea uji wa ulezi.

Halafu Alhamisi moja kiroba kikaja na mwenyewe. Nilitoka shule nikamkuta Mjomba Shomari amekaa kwenye kitanda chetu, kofia magotini, Mama Rukia amempa chai na mihogo ya kukaanga. Nilimwamkia kwa goti, "Shikamoo, mjomba," akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye boksi letu lililokuwa limeegemezwa ukutani. Akauliza ni kitu gani. Zuhura, ambaye siku zote alimchangamkia, akalitandika sakafuni akaanza kumweleza. Huu hapa mlima, hiki kizibo ni mkulima, hiki ni mrina asali. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Rukia, mpenda michezo yule, akavuta mkeka akasema sisi wanne tunatosha kabisa. Mjomba akakataa. Mama Rukia akamtania, "Au wa mlimani mnaogopa kushindwa na wanawake?" Akacheka kwa adabu akashuka kwenye mkeka.

Zuhura alichanganya kadi akagawa. Yangu ilikuwa Shahidi. Akasema, "Wote tufumbe macho." Tukafumba. "Mchomaji ainue mkono." Nilimsikia Mama Rukia anatafuna mhogo. "Shahidi afumbue." Nikafumbua, na mkono ulioinuliwa ulikuwa wa mjomba wangu. Hakuwa amefumba. Pengine hakuielewa kanuni, pengine aliielewa vizuri. Alikuwa ananitazama, mkono umesimama juu, na mimi ninamtazama, na nilijua kwamba anajua kwamba sikuwahi kusahau hata kidogo. Nikafumba macho haraka. Barazani Mama Rukia alisema bila kufikiri, "Mrina asali, nani mwingine?" akainua mkono. Mjomba akainua wake. Zuhura akageuka kunitazama, kizibo cha kijani mbele yake. Kura yangu haikuhitajika, mbili kati ya tatu zilitosha. Lakini niliinua. Niliinua mkono wangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, nikamfunga.

Mjomba alishinda mchezo na hakumaliza chai. Nilimsindikiza mpaka lilipoegeshwa lori. Njiani aliniuliza, "Umemwambia nani?" Nikasema sijamwambia mtu. Tukatembea. "Nimeshaongea na mama yako," akasema, "lile shamba la juu nimeona liwe lako siku ukiwa mtu mzima. Udongo wa pale sasa hivi umeshiba majivu, utaotesha chochote." Akapanda mbele karibu na dereva, akafunga mlango, akanipungia mkono kama mjomba yeyote.

Wiki iliyofuata Zuhura alimfuata Mwalimu kabla ya kengele. Nilikuwepo. "Shahidi hasemi kwa sababu yuko peke yake," alisema. "Nataka tuweke kadi mbili za Shahidi. Wakifumbua macho, wanaonana. Barazani mmoja akigonga meza na mwenzake akagonga, wote wawili wanasema na hakuna anayepoteza nyumba. Akigonga mmoja tu, anapoteza yeye." Mwalimu alikaa juu ya dawati. "Kwa hiyo wa kwanza kugonga hana uhakika." "Hana," Zuhura alisema. "Lakini amemwona mwenzake, mwalimu. Anajua kuna mtu anajua." Tulilijaribu siku hiyohiyo. Mara ya kwanza Jofrey aligonga, Neema akagonga, wakaruka kwa furaha wakakumbatiana, na Mwalimu Komba alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Nyuma ya boksi aliandika: Toleo la 5. Linaishi.

Siku ya wazazi madawati yalipangwa uani, kila kundi na mchezo wake, wageni wakipita wanatazama. Mama yake Zuhura alikuja, akasimama nyuma ya binti yake na mkoba wake. Tukagawa kadi mbele ya watu. Nikaitazama yangu: Shahidi. Tukafumba, Mchomaji akainua mkono, Mashahidi wakaambiwa wafumbue. Nikafumbua. Zuhura alikuwa amefumbua. Hakumtazama hata kidogo Jofrey aliyekuwa ameinua mkono; alinitazama mimi, na uso wake haukuwa wa mchezo. Nilijiambia ni mawazo yangu. Baraza likaketi. Jofrey akaanza maneno yake ya kuwachekesha wageni, kwamba mrina asali ndiye, moshi umeonekana. Zuhura akakunja kidole akagonga dawati mara moja. Kanuni ilikuwa imebandikwa pale, kila mtu aliisoma, wote wanangoja dawati ligongwe mara ya pili. Mkono wangu ulikuwa mapajani. Nilikuwa namwona mama yake juu ya bega lake. Nilihisi kwamba nikigonga lile dawati la mbao, hata kama ni mchezo, nitafungua mdomo na nitakachokisema hakitakuwa jina la Jofrey. Hivyo sikugonga. Muda ulipita, Neema akasema basi, na Zuhura akatoa nyumba yake kwenye mlima, akairudisha bondeni. Wageni walipiga makofi. Mama mmoja alisema watoto wa siku hizi wana akili.

Wiki tatu zilipita, tukafunga shule. Nilipanda Mgeta, nikakaa siku mbili bila kulala vizuri, na asubuhi ya tatu nikamkuta mama jikoni anamenya njegere. Nikachukua ungo nikakaa. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani haukuwa ujasiri, nilikuwa nimechoka kuogopa. Niligonga ukingo wa ungo kwa kidole, mara moja, jambo ambalo kwake halikuwa na maana yoyote. "Mama, siku ya moto mimi sikuwa jikoni." Mikono yake haikusimama. "Najua. Uji si nilikupa mimi?" Akamenya ganda jingine, na jingine. "Mimi ni dada yake, Hadija. Nikianza mimi, nimemuuza kaka yangu. Ukianza wewe, nimemsimamia mwanangu. Nilikuwa nasubiri uanze." Nililia mpaka njegere zikalowa. Mama alifunga khanga yake vizuri, akasema twende, lakini tunaanzia kwa mwenyewe, kwa maana mjomba hashitakiwi kabla hajaambiwa usoni.

Tulimkuta anapachika mpini kwenye jembe. Mama alisema yote kwa sentensi mbili. Mjomba hakumtazama. Alinitazama mimi, akasema, "Hujaniamkia." Nikasema, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Akaweka jembe chini, akaingia ndani, akatoka amevaa koti, akatutangulia njiani mpaka ofisi ya mtendaji. Njia nzima alitembea mbele yetu, hakugeuka. Alifungwa. Mzee Kibwana alitoka, akarudi mlimani na kikohozi, na hakurina asali tena. Mwaka uliofuata nilisoma kwa shida, na shamba la juu akapewa binti wa mama mdogo. Mjomba alirudi baada ya kifungo, yu hai mpaka leo. Nikimwamkia ananiitikia marahaba, anapita. Hajawahi kuongeza neno.

Zuhura alihama chumba Januari, akaenda kwa shangazi yake. Hakunishukuru wala hakunisema. Mimi nilidhani ni aibu, au ni kwa kuwa aliyemfunga baba yake alikuwa wa kwetu. Nilidhani hivyo miaka yote, mpaka siku ya matanga ya Mwalimu Komba, tulipokaa sakafuni na yeye amezipanga kadi mbili za Shahidi, zenye mwandiko wangu, sambamba.

"Nilikuwa nachungulia," alisema.

"Unachungulia nini?"

"Kwenye mchezo. Tukiambiwa tufumbe macho, mimi sikuwahi kufumba yote. Siku mjomba wako alipocheza na sisi niliwaona mnavyotazamana. Watu wanaocheza hawatazamani vile."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Ningesema nini, Hadija? Kwa mtendaji niende niseme mzee wa watu kamwangalia mpwa wake vibaya kwenye mchezo wa maboksi? Mwenye la kusema ulikuwa wewe. Ndiyo maana nikaleta kadi ya pili." Uani mtu alidondosha mfuniko wa sufuria, wanawake wakacheka. Zuhura alisubiri wamalize. "Baba alikaa ndani miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nimekusamehe zamani, ulikuwa mtoto na umeshikwa. Wa pili nimekusamehe. Nilikuwa nakuona unavyoshindwa kula, nani alikuwa anakukorogea uji? Lakini huo wa mwisho, Hadija, mimi nilikuwa nimeshagonga."

Nilitaka kumwambia niliogopa. Lakini huyo ndiye mtu mmoja duniani asiyehitaji kuambiwa, alilala na ile hofu yangu kitanda kimoja. Sikuwa na kingine. Nikakunja kidole, nikagonga sakafu ya Mwalimu Komba mara moja, nikaacha mkono pale, nikangoja.

Zuhura aliutazama ule mkono muda mrefu. Hakugonga. Alizikusanya kadi, akazifunga mpira, akazirudisha kwenye boksi pamoja na dadu, akalisukuma kwangu. Kisha akasimama, akasema vyombo vinatusubiri, akanipa mkono wake akaniinua.